Nilivyowatangazia watu wa Jericho maji ambayo hayakuwepo, na nilichojifunza kuhusu kublog kila siku

Wakuu, mulembe, niaje, salaam aleikum, kila mtu achukue yake.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Jericho, Nairobi, na watu walioona wako hai na wengine wanasoma humu. Kama kuna mahali nitaongeza kidogo, ni pale nitakapojisifu. Hapo msinilaumu, ni maumbile.

Juzi kuna member aliuliza: mtu anablog namna gani miaka na miaka bila kuacha? Akajibiwa na vijana wa laptop. Tafuta niche. Tengeneza content calendar. Kunywa maji mengi, lala masaa nane. Nikacheka mpaka Mama Naliaka, bibi yangu, akatoka jikoni kuuliza kama niko sawa.

Wakuu, mimi ni fundi wa bomba.

Shule niliachia darasa la saba, na sikuachia kwa kupenda. Kazi ya spana nilijifunza kwa kumshikia mtu tochi chini ya sinki mpaka siku moja akalewa na mimi nikashika spana. Leo nina blog ya miaka minne. Katika hiyo miaka minne, siku nilizokosa kuandika utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mkono wenyewe uwe wa fundi aliyekatwa kidole.

Kuna jamaa tulianza pamoja, ana degree ya uandishi. Alikuwa na logo, alikuwa na rangi zake, alikuwa na picha ameshika kidevu. Blog yake ina post tatu. Ya kwanza "Karibuni". Ya pili "Samahani kwa kimya". Ya tatu "Nimerudi".

Mpaka leo hajarudi.

Jina la blog yangu sitaji hapa, mods wasije wakasema natangaza biashara. Anayeijua anaijua. Ukiwa Eastlands na bomba limekauka, utaijua tu.

Sasa niwaeleze inafanya nini, ndio mnielewe huko mbele.

Kwetu maji yana siku zake. Jumatano na Jumamosi. Upande wetu wa juu yanafika kwanza, asubuhi mapema, halafu yanateremka pole pole. Wale wa chini, karibu na soko, wanayapata baada ya kama masaa mawili. Na kuna siku hayaji kabisa, bila sababu.

Kwa hivyo nilianza kitu kidogo. Siku ya maji naamka, naenda kwa bomba la ploti, naweka jagi chini, nafungua, nahesabu kwa sauti. Jagi ikijaa kabla ya ishirini, pressure iko sawa, wa chini wajitayarishe. Ikipita arobaini, wa chini watapata ya kunawa uso tu. Kisha nampigia Odush, yule mzee anayefungua valvu za mtaa, ananiambia amefungua ngapi. Naandika nikiwa bado nimesimama pale pale. Saa kumi na mbili na nusu post iko hewani. Mama Naliaka hanimiminii chai kabla sijapost, hiyo sheria aliiweka yeye.

Siku zingine naandika mambo ya kazi. Namna ya kujua kama tangi la choo linavuja kwa ndani. Kwa nini hupaswi kukaza bomba mpaka ulie. Mteja akiniuliza swali, naandika kwa daftari. Wa pili akiniuliza swali hilo hilo, hiyo ni post. Sijawahi kukosa cha kuandika, kwa sababu vyoo vya Eastlands havijawahi kuacha kuharibika.

Na pia siketi chini kutafuta maneno. Nikiwa Burma, kwa wachoma nyama, nangoja mbavu ziive, nyama iko kwa moto na mimi niko kwa aya ya pili. Nyama ikifika nimemaliza. Wale wa laptop jaribuni hiyo.

Naomba dakika, kuna mteja anapiga.

...

Nimerudi. Na si kama yule wa logo.

Basi, mwaka jana nikaona video ya mtu anafundisha productivity. Anasema blogger mjinga anaandika kila siku, blogger mwerevu anaandika Jumapili moja post za wiki nzima, anaziwekea schedule, anaenda kupumzika. Zinatoka zenyewe.

Wakuu, hiyo kitu ilinipiga kichwani kama bia ya kwanza.

Jumapili nikakaa, nikaandika post saba. Saba! Nikaweka tarehe, nikaweka saa. Jumatatu asubuhi nikaamka, nikakuta imetoka yenyewe. Nikamiminiwa chai bila kwenda nje. Nilijiona kama mkurugenzi.

Tatizo ni Jumatano na Jumamosi. Post za maji ungeziandikaje Jumapili?

Nikaandika tu. Miezi mitatu mfululizo maji hayakuwa yamekosa hata siku moja. Nikasema, huu mtaa naujua, hizi bomba nazijua kuliko waliozizika. Nikaandika: "Asubuhi njema. Nimefungua bomba sasa hivi, jagi imejaa kwa hesabu ya kumi na mbili. Wa chini, jitayarisheni." Nikaweka schedule.

Sikuwa nimefungua bomba. Sikuwa nimehesabu. Hiyo kumi na mbili niliitoa kichwani kwa sababu ilikaa vizuri kwa sentensi.

Wiki ya kwanza maji yakaja. Ya pili yakaja. Ya tatu yakaja. Views zikapanda, maana nilikuwa natoka saa kumi na mbili na nusu kamili, bila kuchelewa dakika. Nikaanza kuwashauri watu.

Wiki ya nne kulikuwa na mahari ya mtoto wa dada yangu, Bungoma. Nikasafiri Alhamisi. Mama Naliaka akabaki, alikuwa na zamu ya kupika kanisani. Post zangu zote zilikuwa ndani, mpaka ya Jumapili.

Ijumaa jioni Odush akanipigia. Nikaona simu. Nikasema huyu mzee nitampigia nikirudi, kazi yangu ya wiki ilishaisha.

Jumamosi asubuhi nimeketi kwa hema na wakwe, kuku yuko mbele yangu, na mimi nawaeleza wazee wa watu mambo ya blog. Nakumbuka maneno yangu vizuri, na ningependa nisiyakumbuke. Niliwaambia, "Hata saa hii nikiwa hapa na nyinyi, watu wa Nairobi wananisoma. Blog inafanya kazi, mimi nakula." Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. Simu yangu ilikuwa ndani ya koti, nimeitoa sauti.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinaendelea Jericho.

Ijumaa mchana tingatinga la watu wanaochimba barabara lilikata bomba kubwa, lile la kuleta maji mtaani. Hiyo ndiyo simu ya Odush. Maji hayangekuja Jumamosi.

Na saa kumi na mbili na nusu, post yangu ikatoka.

Kama hujaishi kwa mtaa wa maji ya zamu, hutaelewa uzito wake, kwa hivyo sikiliza. Watu wetu wanaweka maji kwa drum. Drum ikikaa siku tatu nne inashika utelezi chini. Siku maji yanakuja, kitu cha kwanza mama wa nyumba anafanya ni kumwaga yale yaliyobaki, anapiga deki nayo, anasugua drum mpaka ing'ae, halafu anangoja ijae upya. Huwezi kusugua drum ikiwa imejaa tena. Lazima umwage kabla.

Na unajuaje ni wakati wa kumwaga? Unasoma fundi wa blog.

Mistari yote ya nyumba za chini ilimwaga, wakuu. Wanawake walimwaga maji mazuri kwa mtaro wakiniamini mimi, na mimi niko Bungoma na paja la kuku mkononi.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Zuhura. Huyu ni mama ana kibanda cha chakula karibu na soko. Chai yake na mahamri ndiyo imenilea mimi nikiwa fundi sina hata tepu yangu. Kwa pilau hakuna anayemfikia, na mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Hiyo Jumamosi alikuwa amepewa kazi ya kupika chakula cha akika ya mjukuu wa jirani yake. Wageni wanafika baada ya sala ya adhuhuri.

Alikuwa na drum mbili zimejaa pomoni. Zingemtosha kupika na kuosha vyombo vyote na abaki na ya kuoga.

Alisoma post. Akamwaga zote mbili. Akasugua. Akangoja.

Saa tatu, bomba kavu. Saa nne, kavu. Mchele haujaoshwa, nyama haijaoshwa, sufuria zimepangwa tu. Akatuma watu wa mkokoteni wakatafute maji ng'ambo, na kila mtu Jericho alikuwa anawatuma hao hao. Mtungi wa kwanza ulimfikia saa sita. Pilau ilitoka alasiri. Wageni wengine walikuwa washaondoka na mkate.

Haya yote mimi nilijua Jumamosi jioni, nilipotoa simu kwa koti. Mama Naliaka alikuwa amepiga mara kumi na nne.

"Baba Naliaka, uko wapi?"

"Si unajua niko Bungoma."

"Mimi najua. Ila hapa inasemekana uko kwa bomba, unahesabu."

Nikafungua blog. Comment ya kwanza: "Admin wewe ni malaika, unaona maji sisi hatuyaoni." Ya pili: "Kumi na mbili ya nini, ya wiki?" Za chini yake siwezi kuweka hapa, tuna watoto.

Nikarudi Jumapili. Kutoka stage mpaka nyumbani ni dakika tano, na hizo dakika tano ndizo ndefu kuliko zote nimewahi kutembea. Wale vijana wa bodaboda wakaniona.

"Kumi na Mbili amefika!"

"Kumi na Mbili, tupigie hesabu basi!"

Hilo jina ninalo mpaka leo. Mteja akinitafuta kwa jina langu la kitambulisho, hapati.

Nyumbani nikamwambia bibi, nafuta hiyo post, watu watasahau. Alikuwa anakunja nguo. Hakuniangalia.

"Futa," akasema. "Halafu uende umfute na Mama Zuhura."

Sikufuta. Iko mpaka leo, na hesabu yake ya uongo.

Nikaenda kwa Mama Zuhura. Nilimkuta anasuuza sufuria kubwa na maji ya kikombe kimoja, anayazungusha ndani, anayamimina kwa sufuria ingine, anayazungusha tena. Nilianza na maneno mengi. Tingatinga, simu, mkwe. Akaniacha nimalize.

"Fundi, nikuulize. Ulihesabu?"

"Nini?"

"Kumi na mbili. Ulihesabu ukiwa wapi?"

"Sikuhesabu, Mama Zuhura."

"Basi." Akaweka sufuria chini. "Wallahi maji kumwagika hakuniumi. Maji hurudi. Nyanya ya yule mtoto ameniuliza mbele ya wageni wake, 'Mama Zuhura, tangu asubuhi ulikuwa unangoja nini?' Nikamwambia nangoja maji, fundi ameandika. Wakacheka, wote. Mimi nimepikia huu mtaa kabla hujajua kushika spana, na nimechekwa. Sasa unataka nikupe chai, ama?"

Wakuu, mimi nina mdomo. Siku hiyo nilitumia miguu.

Nikaazima mkokoteni, nikaweka mitungi kumi na mbili. Watu walidhani ni makusudi, lakini ndiyo iliyoenea. Nikaenda kwa kisima cha ng'ambo, nikapanga foleni na wanawake, nikasukuma mpaka kwa kibanda chake. Nikajaza drum ya kwanza. Nikarudi. Jumatatu hivyo hivyo. Mwanaume wa umri wangu, na hili tumbo, mtaa wote umetoka nje kuangalia. Kuna mtoto alinihesabia hatua mpaka kumi na mbili, akaanza upya.

Mama Zuhura hakusema asante wala hakunikataza. Alifungua mfuniko wa drum, akaenda kukanda mandazi yake.

Jumatatu jioni nikaandika post. Nikaeleza kila kitu kama ninavyoeleza hapa, kwamba sikufungua bomba, kwamba niliandika Jumapili, kwamba niliona simu ya Odush nikaidharau. Hiyo post imesomwa kuliko zote nimewahi kuandika. Watu wakatukana, wakachoka, wakaanza kuuliza tena mambo ya vyoo. Bomba likatengenezwa Jumanne. Jumatano nilikuwa nje na jagi yangu, na nimekuwa nje kila siku ya maji tangu hapo. Schedule nilitoa.

Wengi walirudi. Mama Zuhura hakurudi.

Aliwaambia watu wazi kwamba kwake hiyo blog haifunguki tena. Siku ya maji alikuwa anafungua bomba lake na kuangalia mwenyewe, na kwa kuwa yeye ni wa chini, anayapata akiwa amechelewa kusugua. Nikienda kununua chai ananiuzia, ananipa na mahamri, ananiambia karibu. Kama mteja yeyote. Mnajua vile inauma kuuziwa kama mteja yeyote na mtu aliyekulea?

Miezi ikaenda hivyo.

Kuna Jumatano moja nikaamka, nikaweka jagi, nikafungua. Bomba likakohoa. Likatema maji kidogo ya rangi ya chai, likanyamaza, likaanza kutoa upepo. Nikampigia Odush, simu imezimwa. Nikangoja, nikapiga tena. Imezimwa.

Saa kumi na mbili na nusu ikafika, na sina cha kusema.

Na hapa ndipo nataka wale wanaouliza mambo ya consistency wanisikilize. Miaka yote hiyo, siku kama hiyo nilikuwa nabahatisha. Upepo mara nyingi ni maji yako njiani, kwa hivyo naandika yako njiani, mara nyingi napatia, na nikipatia naonekana mjuzi. Tayari kidole kilikuwa kimeandika "Maji yako".

Nikafuta. Nikaandika hivi, yote ndiyo hii:

"Jumatano. Jagi haijajaa. Bomba linatoa upepo. Odush hapatikani. Sijui kama maji yatakuja. Msimwage."

Ndiyo post fupi kuliko zote, na ilinichukua muda kuliko zote. Fundi kuandika "sijui" mbele ya mtaa mzima si mchezo. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai. Mama Naliaka akaisoma nikiwa nakunywa, akaniongezea sukari bila kuulizwa.

Saa moja na robo simu ikalia. Comment moja. Jina ni la Zuhura, maana mama huandika na simu ya binti yake.

"Nimeona fundi. Sijamwaga."

Nilikaa na hiyo simu mkononi mpaka chai ikapoa. Nimewahi kupata comment za watu wa Uarabuni, nimewahi kusifiwa na engineer mwenye ofisi. Hakuna iliyonikalisha hivyo.

Maji yalikuja saa saba mchana, kama mna haja ya kujua.

Sasa somo, maana najua mnaniona nazunguka.

Kuandika kila siku si kazi. Mimi wa darasa la saba nimeweza, wewe utashindwaje. Chagua saa moja na mahali pamoja, andika ukiwa umesimama kama kuketi kunakufanya ujione profesa. Weka daftari ya maswali ya watu. Andika fupi. Hayo nimewapa bure.

Lakini mimi nilidhani kazi yangu ya kila siku ni post. Kumbe kazi ni kwenda kwa bomba. Post ni ya kuwaambia watu nimeenda. Ile siku nilianza kutoa post bila kwenda, nilikuwa nimeacha kublog, ila blog ndiyo haikuwa imejua. Na siku umeenda na hujaona kitu, sema hujui. Hiyo nayo ni post, na watu wataishi nayo vizuri kuliko uongo uliopangwa na saa yake.

Schedule si mbaya kwa wanaoandika mambo ya kupika keki. Keki haikatwi na tingatinga.

Mimi niko sawa, wakuu. Blog inaenda mwaka wa tano, kazi ziko, na kwa Mama Zuhura sasa natukanwa nikichelewa kulipa chai, kama zamani, kama mtoto wa nyumbani.

Haya, leteni yenu. Wewe ulishindwa wapi, post ya ngapi, na nini kilikurudisha? Na wale mtasema naringa, andikeni pia. Nina choo cha kufungua Makadara, nikinawa mikono nitawajibu mmoja mmoja.